Vifungo vya Nyumba ya Saba

Mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Miaka ishirini nashona sare, mashela na sanda, na watu wa kila namna wamevua na kuvaa mbele yangu. Lakini siku niliyofunguliwa mlango wa Nyumba ya Saba, nilishtuka kuliko siku zote.

Chama chetu cha huruma pale parokiani kilianzishwa zamani na wafua nguo, na walituachia desturi mbili. Ya kwanza, maskini tunaowahudumia hawatajwi majina. Ni Nyumba ya Kwanza, ya Pili, mpaka ya Kumi na Nne, na anayejua nani ni nani ni katibu pamoja na yule mmoja anayeitembelea nyumba hiyo. Ya pili imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: Kaa kwanza, ndipo utoe. Hatukabidhi kifurushi tukiwa tumesimama, kama mtu anayelisha kuku. Padri hapendi kuona tukisahau hilo. Husema hata mashemasi wa kwanza waliwekwa wawahudumie wajane mezani, si kuwarushia mkate mlangoni.

Kazi yangu ilikuwa kufunga vifurushi. Nguo zote za msaada zilipita mezani pangu, na kila yenye vifungo vizuri niliving'oa kwanza. Niseme ukweli, sikuona kosa. Nilivitia kwenye kopo la maziwa ya unga, vikaishia kwenye blauzi za wateja wangu. Maskini, nilijiambia, pini inamtosha. Kisha nilifanya ishara ya msalaba, nikafunga kamba.

Juma lile mwalimu mstaafu, anayetembelea Nyumba ya Saba, aliteguka mguu. Katibu akanitwisha mimi zamu yake: nyuma ya gereji, mlango wa tatu wa bati. Nilikwenda nikinung'unika njia nzima, maana nilikuwa nimeacha gauni la bibi harusi halina mkono mmoja.

Nikabisha, mlango ukafunguliwa. Alikuwa dada yangu mkubwa.

Dada huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki. Aliuza kitanda chake ili nipate cherehani yangu ya kwanza. Mwaka jana aliniambia amehamia kwa mwanawe, anakula na kulala vizuri, nami nikaridhika. Tulionana kila Jumapili misani, amejitanda mtandio mpaka kiunoni hata jua likiwaka, nami nikimtania, "Dada, umeshaweka nadhiri nini? Masista watakufuata!" Alicheka sana. Kwenda kumtembelea sikuwahi, hata siku moja. Mimi na kazi zangu.

Sasa hakuwa na mtandio. Alikuwa amevaa gauni la bluu ambalo mwezi uliopita nililing'oa vifungo sita vyeupe kwa mkasi wangu mwenyewe. Kifuani lilishikwa na pini tano, na palipobaki palikuwa wazi.

"Ni wewe?" Mkono wake ulikimbilia kifuani. "Nani kakuleta huku?"

"Chama, dada. Mwalimu anaumwa mguu. Mwanao yuko wapi?"

"Alipoteza kazi, akaondoka. Usimlaumu. Na mimi usinikasirikie. Ningekwambia, ungenipa kitanda chako ukalala chini ya cherehani. Sikutaka."

Nilimkasirikia hasa. Mwaka mzima ananidanganya machoni! Nilifungua mdomo nimfokee, macho yakarudi kwenye zile pini, hasira ikaniisha.

"Na hizo pini?" nikauliza, kana kwamba sijui.

"Nguo huja hivi hivi, hazina vifungo. Mwanzoni nilichukia, sikufichi. Siku moja pini ilinichoma napiga magoti kupokea komunyo, nikalia mbele za watu. Baadaye nikawaza, huyo anayeving'oa huenda ana watoto wanaokwenda shule shati wazi. Mtu hatoi kifungo kwenye nguo ya maskini kama hana shida kunizidi. Basi kila jioni namwombea Salamu Maria moja."

Kila jioni! Mimi nikiwa mezani nachagua vya kung'aa, dada yangu anapiga magoti kwenye sakafu hii kwa ajili ya watoto wangu ambao hawapo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua. Ningerudi kesho na vifungo vipya, nikaitwa mdogo mwema, naye angeendelea kumwombea mtu asiyemjua.

"Dada, ni mimi," nikasema. "Vifungo naving'oa mimi. Sina mtoto wa shule. Sina shida yoyote."

Alinitazama bila kupepesa. Nilingoja anizabe kofi, na ningemshukuru. Kofi halikuja, nami kwa kuchanganyikiwa nikamsukumia kifurushi kifuani, pale pale mlangoni.

Hakukipokea. Aligeuka, akavuta kigoda chake cha pekee, akakifuta vumbi kwa kiganja.

"Mwalimu huwa anakaa kwanza," akasema. "Kaa, mdogo wangu."