Kipa Aliyekataa Kucheza Sabato

Mimi ndiye niliyewaambia alipokuwa Sylvanus.

Msimu mzima timu yetu, Nyaramba Chai, ilishinda Jumapili na kufungwa Jumamosi. Jumapili golini alisimama Sylvanus, mchuma majani chai mwenye mikono mirefu. Jumamosi alikuwa kanisani, maana sisi ni Wasabato, na kipa wa akiba alifungwa mabao manne, mara matano. Mimi ni shemasi wa kanisa hilohilo. Sikumlaumu kwa mdomo. Lakini kila Sabato baada ya ibada nilipita uwanjani, Biblia ndani ya koti, nikijiambia kwamba kutazama si kucheza. Nilirudi nyumbani na hasira ambayo hata sala haikuiondoa.

Mechi ya mwisho, dhidi ya vijana wa Sironga, tulihitaji sare tu tusishuke daraja. Ilipangwa Jumapili, mvua ikaiharibu, ikahamishiwa Jumamosi saa kumi na nusu. Alasiri hiyo Nyangau, muuza ndizi wa soko la Daraja Mbili na kiongozi wa mashabiki, alinikuta njiani akaniuliza kipa yuko wapi. Nilijiambia kwamba wangemsihi tu. Nikamjibu kwamba yuko kwa mama yake, Nyanchoka, ambaye ni mgonjwa, anamwombea.

Nyangau na wenzake walivunja mlango wa Nyanchoka. Sylvanus alishika mwimo, mmoja wao akampiga rungu mkononi mpaka akauachia. Wakamburuta kwa tai hadi uwanjani, wakamvalisha jezi juu ya shati jeupe na glavu juu ya vidole viwili vilivyovunjika. Kocha aliwaona, akaandika jina la Sylvanus bila kuinua kichwa.

Sylvanus alisimama golini, mikono nyuma. Bao la kwanza lilipita kando ya goti lake. Hakusogea. La pili pia. Hapo mashabiki wakaingia uwanjani. Refa alipigwa mateke, mchezaji wa Sironga akapasuliwa paji la uso kwa jiwe, na damu ikamjaa machoni. Ilichukua nusu saa na risasi mbili za askari hewani kuwatoa.

Mpira uliporudi, jua lilikuwa limegusa milima. Zikiwa zimebaki dakika tatu, Sironga walipata penalti. Sylvanus hakuutazama mpira. Alitazama magharibi mpaka jua lote likazama, midomo yake ikitembea. Niliijua sala ile, ya kuiaga Sabato, ambayo huisha jua linapozama. Alipomaliza, akaleta mikono mbele.

Mpira ulipigwa kwa nguvu, kona ya chini. Aliruka, akaudaka kwa mkono uleule wenye vidole vilivyovunjika. Kilio chake kilisikika uwanja mzima.

Filimbi ikalia. Mbili kwa sifuri, tumeshuka.

"Kumbe anaweza," Nyangau alisema, taratibu kabisa.

Wakamwendea wote. Nilikimbia nao, na nilipofika golini niliona nami nimeshika jiwe. Sijui nililiokota wapi. Sylvanus alikuwa chini, wanamkanyaga kifuani, na nilisikia mbavu zikivunjika. Nikalitupa jiwe, nikamlalia.

"Toka hapo, Baba Lorna," Nyangau akasema. "Si wewe uliyetuelekeza?"

Chini yangu Sylvanus aligeuza shingo anione. Kisha akaniuliza, "Ni kweli, shemasi?"

"Ni kweli."

Akageuzia uso matopeni. Jiwe lililofuata lilinipata sikioni, na sikio hilo halisikii mpaka leo. Wengine walinipiga mgongoni kwa mti wa bendera ya kona. Sikutoka. Nilimwita Mungu kwa lugha ya mama yangu mpaka askari walipotufikia.

Sylvanus alilazwa wiki tano. Aliporudi kanisani alikaa upande wa pili, na alinipita mlangoni bila salamu. Sikudai. Katika maombi yangu sikuomba anisamehe. Niliomba tu nipate ujasiri wa kumkaribia.

Sabato iliyopita tulikuwa na Meza ya Bwana, na kwetu, kabla ya mkate, wanaume huoshana miguu wawili wawili. Nilibeba karai la maji vuguvugu, nikapiga magoti mbele yake. Aliyatazama maji muda mrefu sana. Wengine walishamaliza, wimbo ukaanza, nami magoti yananiuma.

Kisha akanyoosha mguu mmoja. Vidole vyake haviwezi tena kufungua kamba za viatu, basi nikazifungua mimi.