Magauni ya Mishi

Mwanaima alizaa watoto wawili wa kiume, na wote wawili aliwazika kabla hawajajua kutambaa. Alipojifungua wa tatu, nyumbani kwao Msambweni, mavyaa wake Mbeyu ndiye aliyempokea. Bibi alimtazama mtoto, akamfunika upesi, kisha akaenda mlangoni na kusema kwa sauti ya kusikika hadi njiani, "Ni mtoto wa kike! Jina lake Mishi."

Mwanaima alishtuka pale kitandani. "Mama, huyu si wa kike."

"Nyamaza, mwanangu. Kinachowachukua wanao kinawataka wanaume. Kimwone huyu, kipite."

Kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilinyamaza. Mtoto alitobolewa masikio, akasukwa nywele. Kila mvua za masika zilipopusa na maua kuchomoza pembeni mwa njia, Mwanaima alinunua kitambaa cha rangi zilezile akamshonea gauni jipya la marinda, lenye utepe kiunoni. Walikwenda kisimani pamoja, wakachagua mchele pamoja. Mtoto alijifunza kukaa kwa adabu, miguu kaikunja upande, akimsimulia mamake yote aliyoyaona siku ile. Mwanaima alikuwa ameuanza mchezo ule kwa hofu, lakini aliupenda. Siku nyingine alisahau kabisa kwamba ni mchezo.

Boga, mumewe, hakusahau. Alikuwa mkulima wa minazi, mtu mpole, lakini hakumpakata mtoto yule hata mara moja. "Nitampakata mwanangu atakaporudi," alikuwa akisema, kana kwamba mtoto yuko safarini.

Ukafika mwaka wa Uhuru. Mtoto alikuwa ameanza kung'oka meno ya mbele. Boga alirudi kutoka Ukunda, ambako watu walikuwa wakitundika makuti na vitambaa vya bendera mpya, akasema, "Basi. Sitakwenda kwenye sherehe nikiwa nimemshika mkono mwanamume aliyevaa gauni."

Mtoto akanyolewa, akatiwa jandoni, akapewa jina la Athmani. Siku ya sherehe Boga alimbeba mabegani tangu nyumbani mpaka uwanjani, huku akilia machozi mbele za watu bila kujali. Mwanaima alishangilia kama wengine. Aliporudi nyumbani aliketi jikoni, akajikuta ametenga sahani moja zaidi.

Mbeyu aliagiza magauni yachomwe. Mwanaima hakuweza. Aliyakunja akampelekea jirani yake Bimkubwa, aliyekuwa na binti wa kimo kile kile.

Haukupita muda, Bimkubwa akaja nayo kifuani, asubuhi umande haujakauka.

"Pokea nguo zako, dada yangu. Usinichukie."

"Zimembana?"

"Hazikumbana. Mwanangu anasema kuna mtoto anakuja kusimama karibu na kitanda. Hana nguo, anaona haya, anajifunika kwa mikono. Anamwambia, nirudishie."

"Anafanana na nani?"

Bimkubwa alitazama chini. "Na mwanao. Ila huyo ana nywele."

Tangu hapo Mwanaima akawa anamsikia. Alasiri, nyumba ikiwa tupu, ungo ulichakarika jikoni, na sauti ndogo ilisimulia jambo ambalo maneno yake hayakushikika. Akiingia, haoni mtu, ila mchele umechaguliwa, chuya zimetengwa pembeni. Alimwambia mavyaa wake.

Mbeyu hakucheka. "Tulimwita kila siku, asubuhi na jioni. Jina likiitwa sana, huitika. Lakini usimwite tena, Mwanaima. Ukimwita, kile tulichokidanganya kitasikia. Kitajua wapo wawili, na kitamtaka mmoja."

Mwanaima akanyamaza, ingawa kila alasiri jina lilimfika kooni.

Masika yaliyofuata, Athmani akashikwa na homa. Boga alimpeleka hospitali, akalazwa na kupewa dawa, lakini homa ikipoa asubuhi hupanda mchana. Mtoto akawa hatambui watu. Siku moja alifumbua macho, akamshika mamake mkono.

"Mama, kuna mtu mlangoni ananingoja. Mishi amesema atakwenda yeye. Lakini hawezi kutoka hivi alivyo."

Boga alifoka, "Ni homa hiyo inasema!" Lakini aligeuka akautazama mlango.

Mwanaima alikwenda nyumbani. Hakuyagusa magauni ya zamani, kwa kuwa mtoto hukua, na yale yangembana. Alinunua kitambaa kipya, akakaa uani akashona, akikadiria kimo na mabega kwa macho ya mzazi. Aliweka marinda mengi kuliko siku zote. Mbeyu alimwona, akaja akakaa karibu naye, akamtungia uzi kwenye sindano.

Jua lilipokuwa utosini, Mwanaima alilitandika gauni juu ya mkeka, mlango wa mbele ukiwa wazi, akageuka asimtie haya.

"Mishi," aliita. "Mwanangu. Njoo uvae."

Upepo haukuwapo. Alisikia kitambaa kikichakarika, kisha mkono mdogo, wa baridi, ukamgusa mgongoni kidogo tu, kama mtoto anayeaga kabla ya kukimbilia njiani. Alipogeuka, mkeka ulikuwa mtupu.

Athmani alitoka hospitali akitembea mwenyewe. Majirani walijaa uani kutoa hongera, wengine na kuku, wengine na nazi. Mwanaima aliwashukuru wote. Kisha akaingia ndani, akajifunika kanga, akalala ameelekea ukutani.

Boga alimkuta hivyo. Alisimama kwa muda, akavua kofia yake, akakaa chini sakafuni karibu na kitanda.

"Mama Athmani."

Mwanaima aliivuta kanga akajifunika kichwa.

"Mama Mishi," akasema tena, polepole, kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu. "Mimi sikumjua. Nilikuwa namngojea mwingine. Hebu niambie, alikuwa akipenda nini?"

Mwanaima akageuka, akajifuta uso.

"Alipenda ukoko wa wali," akasema. "Na alikuwa akiogopa kuku."

Boga akamsogelea ili asikie vizuri.