Jina la Hilari Kwenye Orodha ya Marehemu

Jumapili ile mume wangu Hilari alikufa kwenye misa ya kwanza, na mimi sikuwa na habari. Nilikuwa nyumbani kwetu Nsemulwa, nampigia pasi suruali ya kwendea misa ya pili. Mwenyewe alikuwa kibarazani anakunywa uji wa ulezi na kuulalamikia kwamba hauna sukari.

Wa kwanza kufika alikuwa Bernadetha, mwenyekiti wa jumuiya yetu. Aliingia mikono kichwani, kitenge kimelegea kiunoni, analia kama mtu aliyeanza kulia tangu kanisani ili asifike amepoa. Hilari akaweka kikombe chini.

"Karibu, Mama Mwenyekiti. Nani tena?"

Bernadetha akamtazama. Kilio kikakatika kama redio iliyoishiwa betri.

"Wewe," akasema.

"Mimi nini?"

"Wewe ndiye umekufa, Baba Glory. Umesomwa sasa hivi kwenye marehemu. Tumwombee marehemu Hilari Kasonso wa Jumuiya ya Mtakatifu Anna. Kanisa zima limesikia."

Hilari akafikiri kidogo. "Sasa ulikuwa unalia kweli, au ulikuwa unachangamsha msiba?"

Wakati huo wengine walikuwa wameshajaa uani. Akina mama na mizigo ya kuni, mmoja na ndoo ya mchele wa kutoka Mamba, wanakwaya na sare zao. Hata Mzee Kasimu, jirani yetu Mwislamu, aliyeipata habari barabarani, alikuja anasukuma mkokoteni wenye mabenchi mawili na turubai. Alipomwona marehemu amesimama mlangoni na kikombe, aliduwaa, akamsalimia kwa heshima zote, kisha akaanza kushusha mabenchi hivyo hivyo.

"Mzee, mimi mzima," Hilari akamwambia.

"Naona. Lakini mgongo wangu ndio umekufa. Hayarudi haya mpaka nimeyakalia."

Basi watu wakakaa. Nani angebeba kuni kurudi nazo? Mimi nyumba ikijaa, roho yangu nayo inajaa. Nikabandika sufuria kubwa, Monika wa jumuiya yetu akaanza kukaanga samaki, migebuka, na kila aliyeingia alisimuliwa upya, kila mara Bernadetha akilia kwa sauti kubwa kuliko mara iliyotangulia.

Nisifiche kitu. Watu hawakuiamini habari ile bure. Tangu Pasaka Hilari alikuwa na uvimbe tumboni, amekonda mpaka mkanda wake umetobolewa matundu mawili mapya. Daktari wa hapa Mpanda alituandikia barua ya kwenda Mwanza, apasuliwe Alhamisi ile iliyokuwa inakuja. Uvimbe ni mbaya au si mbaya, alisema, mpaka wautoe waupime. Hilari hakusema anaenda, hakusema haendi. Ukimuuliza, anajibu, "Mungu yupo." Ukiniuliza mimi, nacheka, najibu, "Tumemwachia Mungu." Watu wakawa wanatusifu kwa imani. Mimi nikawa nakubali sifa.

Huku nageuza wali, nilikuwa namsema katekista Makarius kwa kila mwenye masikio. Kwamba miwani yake ni ya marehemu baba yake. Kwamba mwaka juzi alitangaza ndoa ya watu waliokwisha kuachana. Jiko zima likawa linacheka, na mimi nikawa naongeza.

Akatokea mwenyewe, anakokota baiskeli, shati limemganda kwa jasho. Hakumsalimia mtu. Akaniita pembeni, karibu na bomba, akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Dada Katibu, hii ni yako."

Katibu wa jumuiya ni mimi. Jumamosi baada ya sala ndimi niliyeandika nia za misa: juu wagonjwa, chini marehemu. Nikafungua. Hilari Kasonso alikuwa chini, wa tatu, kwa mwandiko wangu, herufi zimenyooka.

"Nilishtuka kuliona," Makarius akasema kwa sauti ya chini. "Nikasema mke wake ndiye aliyeandika, atakoseaje? Sijamwonyesha mtu."

Nilitaka kumwambia kwamba wakati naandika, Monika alikuwa ananisimulia mambo ya mkwe wake, na simulizi lilikuwa tamu. Ni kweli alikuwa ananisimulia. Lakini nilijua sicho kilichoupeleka mkono wangu pale. Nikamwomba Makarius msamaha, naye akaenda kujipatia benchi.

Nikaingia chumbani. Hilari akanifuata, anataka kujua migebuka imefikia wapi. Akaniona ninavyoishika ile karatasi, akanyoosha mkono, nikampa. Akasoma, akakaa kitandani.

"Umeandika wewe, Mama Glory."

"Nimeandika mimi."

"Ulishanizika?"

Sikuwa na uongo mwingine uliobaki. "Nilishakuzika."

"Lini?"

"Tangu siku ile daktari alipoongea huku haniangalii usoni."

Akatikisa kichwa polepole. "Ulinivalisha nini?"

"Ile suti ya kijivu."

"Inanibana makwapani ile."

Nikaanza kucheka, kicheko kikageuka, nikalia mpaka nikaziba mdomo kwa mto, watu wa nje wasidhani ndiyo sasa amekufa kweli. Hilari akanivuta nikakaa karibu yake.

"Nami nikuambie," akasema. "Nikisema Mungu yupo, ilikuwa nikunyamazishe. Nilikuona usoni umekata tamaa. Nikajisemea, kama huyu anayeongea kutwa nzima haulizi hata nauli ya Mwanza, basi anajua siponi. Nikaona bora nifie kitandani kwangu."

"Mimi nilinyamaza kwa sababu ulisema Mungu yupo."

"Basi Mungu wa watu alikuwa anatusikiliza tunadanganyana kwa jina lake."

Akanishika mkono. Hilari si mtu wa sala ndefu; kwenye jumuiya yeye ni wa kuitikia tu. Siku ile alisema, "Baba, mke wangu anaogopa. Na mimi naogopa. Hatujakuambia siku zote hizi. Sijui kama nitarudi, wewe unajua. Naenda, lakini twende wote." Kisha akaongeza, "Na huyu msamehe, hajawahi kuzika mtu kabla." Nikasema amina, na ndiyo amina yangu ya kwanza ya kweli tangu Pasaka.

Tukatoka. Hilari akasimama mbele ya waombolezaji wake, wengine sahani ziko magotini.

"Nyie, sikilizeni. Jumatano napanda basi la Mwanza. Alhamisi napasuliwa. Itakuwaje sijui. Kuniombea mniombee, ila msinitaje tena kule chini kabla sijafika."

Mzee Kasimu akasema na yeye atamwombea Ijumaa, kwa hiyo ajitahidi kufika Ijumaa.

Alhamisi, kule Mwanza, walipompeleka chumba cha upasuaji, nilibaki na shati alilosafiria, limejaa vumbi la njia nzima. Nikaona niipe mikono kazi. Nikalifua, nikalianika kwenye kamba nyuma ya wodi, nikakaa kulilinda na akina mama wengine wenye nguo zao. Kila nilipoanza kumwona Hilari ndani ya jeneza lililofunikwa, nilisema, "Baba, naogopa tena," kama alivyosema yeye, kisha nikaligeuza shati upande wa pili likauke. Mwanamke mmoja wa Bariadi akaniuliza la nani. Nikamwambia la mume wangu, la kurudia nyumbani. Akasogea, tukaanza kupiga stori.

Mchana nesi akatoka kuita ndugu wa Hilari Kasonso. Yule wa Bariadi akaninyanyua kwapani.

"Amezinduka," nesi akasema. "Uvimbe umetoka wote, umeenda kupimwa, majibu wiki mbili. Wewe ndiye mke wake? Anauliza mbona hasikii sauti yako."

Nikalitoa shati kwenye kamba, nikaingia.