Manju Mbele ya Maikrofoni

Bendi yetu ilipiga dansi Kahama tangu mwaka wa uhuru bila kupata santuri hata moja. Nafasi ya kurekodi ilipokuja, mwimbaji wetu akahamia bendi ya Tabora, nasi tukamchukua Nkwabi, manju kutoka Runzewe, yaani mwimbaji kiongozi wa ngoma zinazoshindana baada ya mavuno. Sauti anayo, sikatai. Kichwa chake ndicho kilichonitoa jasho.

Tulirekodi kwenye ghala la pamba la Taherali, magodoro yametundikwa ukutani kuzuia mwangwi. Nyimbo nyingine, ambazo sote tuliitikia, zilikwenda vizuri. Ukabaki wa mwisho, wimbo wangu: gita langu linajibizana na mwimbaji, yeye ananyamaza, kisha solo yangu inafunga kazi. Solo hiyo niliihangaikia miaka. Nilitaka isikike redioni kabla vidole vyangu havijakakamaa.

Nkwabi alimaliza beti zake, nikaingia na solo, naye akaingia tena. Akatunga papo hapo ubeti wa kulidharau gita langu. Herman, fundi mitambo, akasimamisha mashine. Tukarudia. Safari hii akaitukana suruali yangu.

"Wewe Nkwabi, mbona hunyamazi?"

"Nitanyamazaje, baba, na wewe bado unanijibu?" alisema kwa mshangao wa kweli. "Manju akinyamaza wa kwanza ameshindwa. Watu wote wanamhama, wanakwenda kwa mwenzake."

Nikamweleza kwamba hapa hakuna mashindano, sisi ni bendi moja. Akaitikia vizuri, tena kwa heshima. Tulipoanza upya, solo ilipoingia tu, akanivamia kwa nguvu zaidi. Nilitamani kumpiga na gita lenyewe.

"Utepe uliobaki unatosha mara moja tu," Herman akasema.

Mihayo wa besi alijifanya anakaza nyuzi, na wengine wakaniangalia mikono.

Tukapiga. Beti zilipokwisha nikaliinamisha gita bila kuingia na solo, nikampa Nkwabi mgongo. Akaimba mstari mmoja zaidi, mtamu kuliko yote, akanyamaza. Ngoma zikafunga. Herman akainua kidole gumba.

Nkwabi akanijia anacheka, amenyoosha mkono, kama manju anavyomfariji aliyeshindwa.

"Wabeja, asante, baba. Umejitahidi. Tutakutana tena baada ya mavuno."

Nikampa mkono. Wimbo ulikuwa umetoka vizuri kuliko nilivyoutunga, na hilo ndilo lililoniuma.