Amina Kutoka Upande wa Saluni

Jumanne, tarehe kumi na moja Machi. Asubuhi ilikuwa ya manyunyu, yale yanayokera tu bila kulowesha, na mbele ya saluni ya wifi yangu maji yalikuwa yametuama palepale yanapotuama siku zote.

Ofisi yangu ilikuwa nyuma ya saluni hiyo. Naiita ofisi, lakini ilikuwa nusu ya chumba iliyotengwa kwa mbao nyembamba: meza moja, viti viwili, na ukutani cheti changu cha masomo ya jioni. Nilikipata nikiwa tayari na wajukuu. Darasani vijana walinitania wakaniita Bibi Bajeti, nami nikalichukua jina hilo nikalibandika mlangoni. Kazi yangu ni kuwasaidia watu kupanga fedha zao. Mtu anaingia, anavuta pazia, ananieleza yale ambayo hata ndugu zake hawayajui, kisha tunatafuta njia pamoja.

Nafasi hiyo nilipewa na wifi, dada wa mume wangu. "Njoo ukae hapa, wifi," aliniambia. "Wakitoka kwako wamelia, watapita kwangu niwarudishie sura zao." Nilicheka mpaka nikashika mbavu, nikamshukuru Mungu kwa ndugu wa namna hiyo.

Nina mazoea yangu. Mteja akiondoka, napiga magoti kando ya kiti alichokalia, kikiwa bado na joto lake, namwombea kwa sauti. Ndivyo mama alivyotulea. Kuomba kimoyomoyo niliona ni sawa na kumwita mtu bila kufungua mdomo. Basi nilimtaja mtu na shida yake yote, bila kubakiza. Na kila nilipomaliza, wifi aliitikia kutoka upande wa pili wa mbao: "Amina, wifi! Amina!" Nikajiona nina mwenzangu katika maombi.

Asubuhi hiyo fundi cherehani aliingia bila kubisha hodi. Alikuwa mteja wangu wa kwanza, na wengine wengi ni yeye aliyewaleta.

"Bibi Bajeti, umeniuza bei gani?"

"Nani akuuze, mwanangu? Keti kwanza."

"Siketi! Jana amekuja kwangu yule bwana wa mikopo, mwenye mkoba wa ngozi. Simjui, hanijui. Eti, 'Pole, najua ada ya mtoto imekukaba, na mzee huko aliko hatumi kitu.' Na mteja wangu amekaa palepale anasubiri gauni lake! Mtaa mzima unajua mume wangu ananitunza. Uliyejua ukweli ni wewe tu."

"Ukamjibu nini?"

"Ningejibu nini? Nilitaka aondoke. Nikatia sahihi. Fedha zake ziko kwenye bahasha, sijazigusa. Lakini cherehani ndiyo dhamana."

Nilishika meza. Tangu aanze kuja kwangu, kazi yetu yote ilikuwa cherehani hiyo isije ikaingia mikononi mwa mkopeshaji.

"Tena," akasema, "akaniita mjane wa mume aliye hai. Ndivyo unavyonisema?"

Yeye hakuwahi kuniambia maneno hayo, wala mimi sikuyaandika popote. Niliyasema mara moja tu, nimefumba macho, nikimweleza Mungu uchungu wa huyu binti.

Nikakumbuka nilivyougua mafua, sauti ikanikauka. Wifi aliniletea maji ya moto yenye asali. "Kunywa, wifi. Sauti ikipotea, Mungu atakusikia vipi?" Nilikuwa nimebubujikwa na machozi kwa upendo huo.

Nikavuta pazia. Wifi alikuwa akimwosha mwanamke mmoja nywele, na wawili wengine walikuwa wamekaa wakisubiri zamu.

"Wifi, yule bwana wa mikopo amemwita huyu mjane wa mume aliye hai."

Mikono yake ikasimama ndani ya povu.

"Sasa kumtafutia mtu msaada ni kosa?" akasema. "Wewe unaomba, mimi natafuta jibu. Na huyo bwana ananipa kidogo, kodi ya hapa inalipwa. Umewahi kuniuliza nailipaje?"

"Ungeniambia, tungeilipa wote. Ulikuwa ukiitikia amina, wifi."

"Na niliitikia kwa moyo wote!"

"Uliitikia ili niendelee."

"Usijifanye malaika hapa. Mimi sikutoboa ukuta. Mdomo ni wako, wifi."

"Jamani," akasema yule aliyeinama kwenye beseni, "povu linaniingia machoni."

Hakuna aliyecheka. Neno la wifi liliniingia, kwa sababu kipande chake kilikuwa kweli. Lakini nilimtazama usoni, uso wa mume wangu ule ule, nikaona hana hata haya. Mmoja wa wale wawili waliokuwa wakisubiri aliinuka, akachukua mkoba wake. Naye alikuwa mteja wangu. Alikuwa akiniangalia mimi, si wifi.

Nilirudi nikatoa cheti ukutani, nikakibana kwapani. Fundi cherehani alikuwa amesimama penye pazia, akilia bila sauti. Nikamshika mkono, nikasimama naye katikati ya saluni.

"Nisikilizeni nyote," nilisema, "na Mungu anasikia. Siri ya mtu haitapita tena mdomoni mwangu, hata nikiwa magotini. Yeye ataisoma moyoni. Na wewe, mwanangu, kachukue ile bahasha. Twende wote kwa yule bwana, nami naahidi mbele ya hawa: sitaondoka mlangoni pake mpaka aichane karatasi uliyotia sahihi."