Siku Golikipa wa Benchi Alipoingia

Kocha wetu akihubiri uvumilivu, hunitazama mimi. "Mvumilivu hula mbivu," husema, na wenzangu wote hugeuka kunikodolea macho utadhani mimi ndiye tunda lenyewe. Mimi ni golikipa wa akiba katika timu ya kulipwa, maana yake nalipwa kukaa. Misimu imekuja na kupita, sijaingia hata mechi moja. Golikipa namba moja haugui, haumii, hata mafua hayamjui. Mungu anisamehe kwa yale niliyomwombea.

Mtaani kwetu, hata hivyo, mimi ni nyota. Mama huja kila mechi ya nyumbani. Hutazama tukipasha misuli moto, akaniona nikiruka huku na huku, akapiga makofi. Refa akipuliza kipenga cha kuanza, yeye huchukua mkoba wake na kuondoka. Akifika nyumbani huwatambia majirani: "Mwanangu tangu aingie timu ile hajafungwa hata goli moja." Uongo hapo uko wapi?

Sasa mkataba wangu ulikuwa unaisha na mechi ya mwisho ya msimu, na kocha alishanidokeza niangalie ustaarabu mwingine, yaani nitafute timu nyingine. Niliumia, sifichi. Nilitaka mama anione nikicheza, hata mara moja tu, kabla sijarudi nyumbani na glavu mpya zisizo na mkwaruzo.

"Mama, leo usiondoke mapema," nilimwambia asubuhi ya mechi hiyo.

"Kwani leo unacheza?"

"Sijui."

Alinitazama kidogo. "Haya, nitakaa."

Kipindi cha pili, tukiwa sare, mambo yakaharibika. Mshambuliaji wetu wa kwanza akateguka kifundo cha mguu. Aliyeingia badala yake akabanwa na msuli, akaanguka akilia kama mtoto. Wachezaji wengine wa akiba walishaingia wote. Kocha akageuka kulitazama benchi: tumebaki mimi na daktari wa timu. Naapa alimtazama daktari kwanza.

"Vaa jezi ya mshambuliaji," akaniambia hatimaye.

"Kocha, mimi golikipa."

"Kwani nimesahau? Nenda kasimame mbele kule, usifanye chochote."

Nikaingia. Nahodha wetu, beki mrefu tunayemwita Mlingoti, akanipokea kwa kunishika bega. "Usiogope. Tukipata kona, simama karibu na goli lao. Wasumbue tu."

Kona tukaipata. Mlingoti akapanda juu ya mabeki, akaupiga mpira kichwa safi sana, ukawa unaingia golini, pembeni kabisa, mahali ambapo golikipa wao asingeufikia hata kwa ngazi. Nami nilikuwa nimesimama mbele ya mstari wa goli. Jamani, maisha yangu yote nimefundishwa jambo moja tu. Nikaruka. Nikaudaka kwa mikono miwili, nikaanguka nao, nikaukumbatia kifuani.

Golikipa wa wapinzani akainama, akaninong'oneza, "Asante sana, kaka." Refa akanipa kadi ya njano huku ameuma mdomo asicheke. Ndipo mashabiki wetu walipoanza kunitukania ukoo mzima, jukwaa kwa jukwaa, isipokuwa mwanamke mmoja aliyesimama akipiga makofi peke yake.

Mechi ikaisha sare. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo kocha alinifokea mpaka mate yakaruka. "Kusanya vitu vyako! Nisikuone tena!"

Mlingoti akasimama. Msimu mzima hakuwa amefunga, na lile lingekuwa goli lake. Nikajua leo nazikwa.

"Kocha," akasema taratibu, "umemweka golikipa mbele ya goli. Mpira umekuja, kaudaka. Ulitaka afanye nini? Wa kufokewa ni mimi niliyempigia." Akavua kitambaa cha unahodha, akakiweka mezani. "Akifukuzwa kwa hilo, na hiki kitafutie mkono mwingine."

Halafu mtu mmoja akaguna, mwingine akashindwa kujizuia, na chumba kizima kikaangua kicheko. Kocha alijaribu kununa, wapi! Akafunika uso kwa taulo, mabega yakimtikisika.

"Jumatatu ofisini kwangu," akasema kutoka ndani ya taulo. "Tutazungumza habari za mkataba. Na jezi ile usiiguse tena."

Mama alikuwa getini, mkoba begani, akiwakazia macho mashabiki waliokuwa bado wananizomea.

"Mama," nikasema kwa aibu, "lile lilikuwa goli letu."

"Najua. Mimi kipofu?"

"Sasa mbona ulipiga makofi? Si watu watasema hujui mpira?"

"Waseme." Akanipangusa nyasi shingoni, pole pole, mpaka zikaisha. "Unadhani nilikuwa naondoka mapema kwa nini, mwanangu? Nilikuwa siwezi kukutazama umekaa."