Cherehani Iliyopigwa Kijicho

Ulimi ndio uliomponza Bahiga. Mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa binti yake Samar, alipozaliwa pale Tanta nchini Misri, siku ya tatu tu akajigamba mbele ya wakwe kwamba gauni la siku ya saba atalishona yeye. Maisha yake yote hajawahi kushona hata kifungo. Insaf, bibi mzaa baba, yaani mama yake Hisham, aliyekuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini, alitabasamu akasema basi gauni likikamilika kinu atapiga Bahiga, lisipokamilika atapiga yeye.

Na kinu hicho cha shaba si mchezo. Siku ya saba mtoto hulazwa kwenye ungo, na bibi anayempigia kinu sikioni ndiye anayemwagiza amsikilize nani na ampuuze nani. Bahiga alikuwa na orodha yake kichwani. Kati ya wa kupuuzwa, Insaf alikuwa wa kwanza.

Akaazima cherehani ya mkono kwa jirani. Mstari wa kwanza ulinyooka vizuri, naye akaita jengo zima waje waone. Wakasifu, wakaondoka, ndipo akang'amua: wanawake kumi na mmoja wamesifu na hakuna hata mmoja aliyesema mashallah! Haraka akafunga shanga ya buluu ya kukinga kijicho kwenye kile chuma cha mbele kinachopanda na kushuka. Akashona tena, uzi ukakatika.

Basi ni kijicho kweli. Akaongeza shanga ya pili, uzi ukajisokota chini ya kitambaa kama tambi. Akafukiza ubani mpaka akapoteza mkasi ndani ya moshi. Kwenye shanga ya tano sindano ikavunjika. Bahiga akacheka hadi akakaa sakafuni, kisha akalia kidogo, maana sherehe ilikuwa kesho.

Mchana ule Insaf alipita kumwona mzazi, akachungulia chumbani. Akavaa miwani. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Mama Samar, hii ni cherehani au punda wa harusi?"

"Imepigwa kijicho, Mama Hisham. Usinicheke."

"Imebebeshwa mzigo. Hicho chuma ndicho kinachovuta uzi, nawe umekining'inizia duka zima."

Wakatazamana, wakaangua kicheko mpaka Samar akagonga ukuta kwamba mtoto amelala. Insaf angeweza kuaga aende zake, na kinu kingekuwa chake. Badala yake akakata shanga zote, akatia sindano mpya, akamvuta Bahiga kitini. Akamwambia hatashona hata mshono mmoja, atamwelekeza tu. Hadi alasiri gauni likawa limekamilika, mkono mmoja ukimfikia mtoto magotini. Insaf akaligeuza ndani nje, akasema limepita.

Kesho yake nyumba ilijaa. Bahiga akashika mchi, furaha imempanda kichwani.

"Msikilize mama yako," akagonga. "Msikilize baba yako, akiwa na la maana." Watu wakacheka. Akamtazama Insaf aliyeshika ungo, na ile orodha yote ikamtoka. Akagonga kwa nguvu zaidi. "Na msikilize bibi yako Insaf. Msikilize yeye kabla yangu mimi."

Insaf akainama, macho yamelowa, akamnong'oneza katikati ya vigelegele.

"Ningepiga mimi, ningemwambia akupuuze wewe wa kwanza."

Bahiga alicheka hadi mchi ukamponyoka.